Safari ya baiskeli milimani: Jipime kabla ya kulipa

Ukipita Kitengela alfajiri ya Jumamosi utawaona. Ni vikundi vya watu sita, kumi, hata ishirini, wenye kofia ngumu na suruali za kubana, wakivuka barabara ya Namanga upesi kabla malori hayajazidi, kisha wakipotelea kwenye njia za vumbi zinazoelekea upande wa Isinya. Wengi wao si wanariadha. Ni walimu, makarani, mawakili na wauza vifaa vya ujenzi; watu wa makamo ambao miaka michache iliyopita hawakuwa wamepanda baiskeli tangu shule ya msingi.

Kama daktari, jambo hili linanifurahisha mno. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Mizunguko miwili ya baiskeli inatosha kabisa kutimiza saa hizo mbili na nusu. Isitoshe, baiskeli haiyagongi magoti kama zifanyavyo mbio, jambo la maana sana kwa mtu ambaye uzani wake umepanda pamoja na cheo chake kazini.

Shida huanza pale mtu anapotoka kwenye mizunguko hii ya Jumamosi na kulipia likizo kamili ya baiskeli za milimani: siku mbili, tatu au tano pamoja na kiongozi, kwenda Ngong na Magadi, Loitokitok, au huko mbali Mlima Kenya. Tangazo husema kwamba safari inafaa watu wa viwango vyote. Msomaji, safari ya namna hiyo haipo. Ipo inayokufaa wewe, na ipo itakayokuleta kwangu Jumatatu asubuhi ukiwa umeshikilia bega.

Hebu nikupe mfano wa bwana mmoja wa miaka 44 aliyenijia mwaka jana. Ni mtu mwenye afya nzuri; havuti sigara, shinikizo lake la damu ni la kawaida, na hukimbia kilomita kumi bila kuhema sana. Alipoulizwa kiwango chake wakati wa kulipia safari, alijibu "cha kati", kwa kuwa alijua mapafu yake yana nguvu. Siku ya kwanza aliwaacha wenzake wote kwenye mlima. Siku hiyo hiyo, kwenye mteremko wa changarawe usiozidi mita mia moja, aliogopa, akabana breki ya mbele kwa nguvu zake zote, na baiskeli ikamrusha mbele. Mtulinga, yaani ule mfupa unaounganisha bega na kifua, ulivunjika vipande viwili. Moyo wake haukuwa na kosa, wala miguu yake. Mikono ndiyo iliyokuwa haijafundishwa.

Nguvu si ustadi

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Nguvu za mwili hukupandisha mlima. Ustadi ndio unaokushusha, na aghalabu watu huumia wakati wa kushuka. Mtu mwenye nguvu bila ustadi yuko hatarini kuliko yule dhaifu, kwa sababu hufika kileleni haraka, akiwa mbele ya kiongozi, na huanza kuteremka kabla hajaambiwa kuna nini kwenye kona.

Nchini Uingereza njia za baiskeli msituni hupewa rangi: kijani kwa anayeanza, kisha buluu, nyekundu, na nyeusi kwa waliobobea. Marekani nao wana kijani, buluu na nyeusi. Mtu hutazama kibao akajua. Kajiado hakuna aliyetundika vibao kwenye njia za ng'ombe. Kilomita moja ni tambarare, ya pili ni korongo la mto mkavu lenye mchanga unaomeza gurudumu, ya tatu ni mawe yaliyolegea. Kwa hivyo maneno "rahisi", "wastani" na "ngumu" hubaki kuwa maoni ya mwenye safari, naye huenda amepanda baiskeli kila siku kwa miaka kumi. Kinachoitwa rahisi na mtu kama huyo usikiamini upesi.

Jipime mwenyewe. Tafuta uwanja mtupu, na Kitengela bado kuna viwanja vingi vitupu licha ya ploti kuuzwa kila kukicha. Kwanza, endesha polepole kama mtu anayetembea, hatua ishirini, bila kuweka mguu chini. Watu wengi hudhani hili ni jambo la watoto hadi walijaribu. Pili, chora mstari kwenye mteremko mdogo wa changarawe, ushuke, na usimame juu ya mstari huo kwa breki zote mbili bila gurudumu lolote kuteleza. Tatu, inuka kutoka kwenye kiti, pedali zikiwa sawa, magoti na viwiko vimelegea kidogo, upite juu ya matuta bila kukaa. Nne, geuza shingo utazame nyuma huku ukiendelea kwenda mbele bila kuyumba.

Ukishindwa na mawili kati ya hayo, wewe ni mwanafunzi, hata kama unaweza kuendesha kilomita themanini kwenye lami. Chagua safari ya mwanafunzi. Wala si aibu. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kushinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017, alianza kwa kumfuata David Kinjah kwenye vijia vya Kikuyu, akijifunza kama mtoto mwingine yeyote.

Ni muhimu pia kukumbuka kwamba ustadi hauondoi hatari. Mnamo Agosti 2022 Kenya ilimpoteza Suleiman Kangangi, mmoja wa waendeshaji wetu bora zaidi, baada ya kuanguka akiwa kwenye mwendo wa kasi katika mashindano ya barabara za changarawe huko Vermont, Marekani. Huyu alikuwa mtu wa kazi hiyo, mwenye uzoefu wa miaka mingi. Sisi wa Jumamosi hatuna sababu yoyote ya kushindana na kijana aliye mbele yetu.

Wapi panakufaa

Kwa anayeanza, nyanda za Athi na Kitengela ni shule nzuri. Ardhi ni tambarare na unamwona ng'ombe akiwa bado mbali. Kuna masharti mawili tu. Usiendeshe kwenye barabara yenyewe ya Namanga, ambayo malori yake hayana habari nawe. Na mvua ikinyesha, baki nyumbani: udongo mweusi wa huku kwetu hujaa kati ya gurudumu na fremu hadi baiskeli ikakataa kusukumwa, nawe ukalazimika kuibeba begani. Mvua ndefu huwa kati ya Machi na Mei, na zile fupi kati ya Oktoba na Desemba. Anayekuuzia safari ya nyikani kwa bei ya chini mwezi wa Aprili ana sababu ya kuishusha.

Ikiwa unataka likizo ya kweli ya mwanafunzi, nenda Hell's Gate, Naivasha. Ni mojawapo ya mbuga chache nchini ambamo unaruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na twiga. Barabara kutoka lango kuu hadi kwenye korongo ni ya vumbi lakini haina miteremko ya kutisha, na unaweza kugeuka wakati wowote ukichoka. Hiyo ndiyo sifa kubwa ya njia ya anayeanza, nayo haitajwi kwenye matangazo: uwezo wa kugeuka.

Vilima vya Ngong ni jambo jingine. Kilele chake kinafika takriban mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, na njia ya mgongoni hupanda na kushuka, ikapanda tena, huku upepo ukivuma kutoka Bonde la Ufa kwa nguvu za kuzungusha mitambo ya umeme iliyojengwa pale. Upepo wa ubavuni unaweza kumsukuma mtu mwepesi nje ya njia. Aliyefaulu majaribio yote manne ya uwanjani ndiye apande Ngong. Kwa miaka mingi wageni wameshauriwa kupanda pamoja na walinzi, na kiongozi mzuri huwa amelipanga jambo hilo mapema.

Safari ya Magadi huwadanganya wengi. Kutoka Kona Baridi barabara inateremka na kuteremka, kupitia Olepolos na Olorgesailie, hadi ziwani ambako uko kwenye mita 600 hivi tu. Umeshuka zaidi ya kilomita moja kwenda chini. Mtu hufika akicheka na kujiona bingwa. Lakini Magadi joto mara nyingi hupita nyuzi 35, hakuna kivuli cha kutegemea, na siku ya pili mlima ule ule uliokuteremsha unakungoja. Kabla ya kulipa, uliza swali moja: je, gari litaturudisha, au tutapanda kwa miguu yetu? Ikiwa jibu ni la pili, basi hiyo si safari ya kiwango cha kati hata kidogo.

Upande wa Loitokitok na Kimana, chini ya Kilimanjaro, mandhari ni ya kupendeza na njia nyingi si ngumu. Hatari ya huko ni ya aina nyingine. Ndovu wa Amboseli hawajui mpaka wa mbuga. Hupita kwenye ardhi za jamii wakielekea Kimana na kwingineko. Baiskeli haina mlio, na ndovu hapendi kushtuliwa. Hapo kiwango kinachopimwa ni cha kiongozi zaidi ya chako. Awe mwenyeji wa pale, na awe na mawasiliano na walinzi wa wanyama, si kijana aliyetoka Nairobi jana na ramani kwenye simu.

Na kwa waliokomaa kuna Mlima Kenya, mahali pa mashindano ya 10to4 yanayohusishwa na Mount Kenya Trust, ambayo jina lake linatokana na kuteremka kutoka futi 10,000 hadi futi 4,000. Futi 10,000 ni kama mita 3,050. Kuanzia mita 2,500 hivi watu wengine huanza kuumwa na kichwa na kuhisi kichefuchefu kwa sababu ya hewa nyepesi. Anayeishi Kitengela au Nairobi ana nafuu kidogo kuliko mtu wa Mombasa, lakini hajakingwa kabisa.

Kiongozi naye apimwe

Wateja wengi huuliza kuhusu chakula na hema. Mimi nakuomba uulize mengine. Kwa siku moja tutapanda mita ngapi kwa jumla? Kilomita arobaini za tambarare na kilomita arobaini zenye mita elfu moja za kupanda ni siku mbili zisizofanana, ingawa kwenye karatasi zinasomeka sawa. Kuna mtu wa pili anayekaa nyuma kabisa ya kikundi? Kuna gari, na linaweza kufika mahali njia inapopita au litatungoja barabarani kilomita kumi mbali? Nani kati yenu amefunzwa huduma ya kwanza? Mahali ambapo simu haishiki mtandao, mtaita msaada vipi, na hospitali iliyo karibu ni ipi? Kutoka nyika za Bissil kwa mfano, jibu huenda likawa hospitali ya rufaa ya Kajiado, nayo ni mwendo mrefu kwa mtu aliyevunjika paja.

Sikiliza pia anachokuuliza yeye. Kiongozi anayejua kazi yake atataka kujua mara ya mwisho uliendesha lini, kwa saa ngapi, kwenye ardhi ya namna gani, una ugonjwa wowote, unatumia dawa gani. Atakueleza njia atakayobadilisha ukishindwa. Asiyekuuliza lolote isipokuwa nambari ya kutumia M-Pesa, mwache.

Jambo jingine dogo la kuchunguza ni namna kikundi kinavyopumzika. Vikundi vingi hufanya hivi: walio mbele husimama, wanakunywa maji, wanapiga picha, yule wa mwisho akifika tu, wote hupanda baiskeli na kuondoka. Maana yake wenye nguvu wamepumzika dakika kumi na dhaifu hajapumzika hata moja. Kufikia saa nane mchana mtu huyo amechoka hadi mikono inatetemeka, nao ndio wakati anapoanguka. Ikiwa mnakwenda kama chama, kama wafanyakazi wa ofisi moja au kama mtu na mkewe, chagueni safari ya yule aliye chini zaidi kwa ustadi. Mkubwa wa kazi akitaka Ngong na karani wake hajui kushika breki, hapo si mahali pa heshima za kazini.

Na kama baiskeli ni ya kukodi, kabla ya kuondoka bana breki moja moja ukiwa umesimama. Kwetu, kama ilivyo Uingereza, breki ya mkono wa kulia kwa kawaida ni ya gurudumu la mbele. Baiskeli nyingi zilizotoka Marekani na bara la Ulaya ni kinyume. Nimeona mikono iliyovunjika kwa sababu ya tofauti hii tu.

Mwili wako

Wafuatao wamwone daktari kabla ya kulipa, si baada: mwenye umri wa zaidi ya miaka 40 ambaye hajafanya mazoezi kwa muda mrefu, mwenye shinikizo la damu, kisukari, pumu, kifafa au ugonjwa wa moyo, aliyewahi kuhisi maumivu ya kifua au kuzirai akipanda ngazi, na yule ambaye ndugu au mzazi wake alifariki ghafla akiwa bado kijana. Mja mzito naye asubiri, kwa sababu ya hatari ya kuanguka. Ikiwa kipimo chako cha shinikizo kimefika 180 kwa 110 au zaidi, hakuna safari hadi kishuke.

Kwa wagonjwa wangu wa shinikizo huwa naongeza neno kuhusu dawa. Zile za kukojoza huondoa maji mwilini, na kwenye joto la Magadi maji hayo unayahitaji. Baadhi ya dawa nyingine huzuia moyo kwenda mbio, hivi kwamba ile saa ya mkononi inayohesabu mapigo haikwambii ukweli kuhusu unavyojichosha. Tumia kipimo cha zamani: ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, mwendo ni wa wastani. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Usiache dawa kwa ajili ya safari. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari abebe glukosi mfukoni, wala si kwenye gari, na amwambie kiongozi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda ajue kwamba kugonga kichwa kwake si jambo dogo, hata akiinuka akitabasamu.

Nguvu zako unaweza kuzipima hivi. Endesha saa tatu kwenye vumbi siku ya Jumamosi, halafu uamke Jumapili na uendeshe saa mbili nyingine. Ukiweza kupanda ngazi Jumatatu bila kushikilia ukuta, safari ya siku mbili au tatu ni yako. Ukishindwa, ongeza wiki sita za mazoezi. Na usilipie safari ambayo siku yake moja ni ndefu mara mbili kuliko siku yoyote uliyowahi kuendesha.

Kwenye joto, nusu lita ya maji kwa saa ni kianzio kizuri, ukiongeza kadiri ya kiu, pamoja na chakula chenye chumvi. Kujilazimisha kunywa maji matupu lita baada ya lita ni hatari pia, kwani huyeyusha chumvi ya damu. Vaa miwani, kwa sababu tawi la mgunga halichagui jicho. Hakikisha umechanjwa dhidi ya pepopunda. Mbwa wa manyattani hupenda kufukuza baiskeli. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano na uende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Ukiumwa na nyoka, usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Tuliza kiungo hicho na upelekwe hospitali.

Aliyegonga kichwa haendelei na safari siku hiyo, hata kofia ikiwa imemsaidia, na kofia hiyo hainunuliwi rangi mpya bali hutupwa. Akitapika, akiuliza swali lile lile mara kwa mara au akisinzia isivyo kawaida, apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi.

Ganzi sehemu za siri, ambayo wanaume huona haya kuitaja, hutokana na kiti kubana mishipa ya fahamu. Simama juu ya pedali kila baada ya dakika kumi hivi, na mwambie kiongozi ashushe ncha ya kiti kidogo. Ganzi isiyoisha baada ya siku mbili ni ya kuonyeshwa daktari. Na ukifika nyumbani Jumapili usiku ukaona mkojo wako umekuwa mweusi kama chai ya rangi, na misuli inauma kupita kiasi, huo si uchovu wa kawaida. Misuli imeumia na mafigo yako yamo hatarini. Nenda hospitali usiku huo huo.